Jopo la vichekesho halivunji heshima ya fasihi, likiandaliwa sawasawa

Mhariri,

Ukurasa wenu wa utamaduni umechapisha makala ya kuwalaumu wachekeshaji wanaopanda jukwaani kujadili vitabu. Mwandishi ana hoja mbili: kwamba fasihi si ya kuchekea, na kwamba hadhira humcheka mchekeshaji huku kitabu kikisahauliwa. Ya kwanza tunaikataa. Ya pili ina ukweli ndani yake, ila sababu zake zinajulikana na zinatibika. Sisi tuko nyuma ya pazia la maonyesho ya aina hiyo. Ndio tunaochagua kitabu, tunaofunga vyombo, tunaopanga viti na kumpa mwendeshaji karatasi zake. Tunaomba nafasi tujibu kwa upande wa kazi.

Kuhusu heshima tuseme kidogo tu. Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa aliyefariki mwaka 1840, alirushiana tungo na washairi wa Lamu kwa kejeli ambayo leo tunaifundisha darasani kama fasihi bora, na ni haki yake. Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, liliwapa washairi uwanja wa kujibizana gazetini. Mathias Mnyampala alipoikuza ngonjera, alikuwa anawapandisha jukwaani watu wanaobishana kwa mashairi. Kwa hiyo kubishana juu ya maneno mbele za watu, tena kwa mzaha, hatukukuazima kwenye televisheni. Wamarekani Weusi nao wana njia yao. Langston Hughes alimzaa mhusika wake Simple, bingwa wa soga za Harlem, mtaa wa Weusi jijini New York, ndani ya safu ya gazeti la Chicago Defender mwaka 1943. Mwaka 1998 ilipotolewa kwa mara ya kwanza tuzo ya ucheshi inayobeba jina la mwandishi Mark Twain, aliyepewa alikuwa Richard Pryor, mchekeshaji Mweusi wa jukwaani. Tusingependa wasanii wetu Weusi wa huku waambiwe kwamba kitabu si cha watu wa aina yao.

Sasa lawama ya pili. Jopo likidoda, mara nyingi lilikwishadoda wiki tatu kabla, siku wanajopo walipoitwa kwa simu bila kupewa kitabu. Mchekeshaji aliyesoma muhtasari peke yake hana pa kushika. Anajua dhamira, anajua mhusika mkuu, anajua kwamba mwandishi "ametumia tashbiha kwa ufanisi", na katika hayo hakuna hata moja linalochekesha. Baada ya dakika kumi anarudi kwenye mtaji wake wa kila siku: mama mkwe, foleni, kabila la jirani. Watu wanacheka, kitabu kiko mezani kimefungwa. Hapo mwandishi wenu ana haki ya kununa.

Wanafunzi wanaijua hali hiyo. Tanzania wanasoma tahakiki, Kenya wanasoma mwongozo, na wengi huishia hapo hapo bila kukigusa kitabu chenyewe. Chumba cha mtihani kinaweza kukusamehe. Jukwaa halisamehi, kwa kuwa kichekesho hukaa kwenye vitu vidogo ambavyo mwongozo huviruka.

Chukua Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1951. Mwongozo utakuambia kwamba kitabu kinahusu haki na uongozi mbaya. Kitabu chenyewe kinakuambia kwamba nchi hiyo iko angani na mipaka yake ni pepo. Swali la mwongozo ni "Jadili suala la uongozi." Swali la jopo liwe hivi: "Umenunua kiwanja Kusadikika. Mpaka wako wa kaskazini ni upepo, na leo jirani anadai umevuma ndani ya uzio wake. Unampeleka wapi?" Mwanajopo aliyesoma anajibu papo hapo kwamba hampeleki popote, maana mwanasheria pekee aliyekuwapo ni Karama, naye yuko kizimbani kwa kosa la kuanzisha mafunzo ya sheria. Ukumbi unacheka, na yule wa kiti cha nyuma ambaye hajawahi kukifungua kitabu ameondoka na mambo mawili ya kweli kuhusu kisa. Asiyesoma akiulizwa swali hilo hilo anaanza kuchekesha kuhusu madalali wa viwanja. Tofauti inaonekana kwa macho.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni kitabu kimoja kwa onyesho moja, nakala mkononi mwa kila mwanajopo wiki tatu kabla, na kila mmoja atie alama kurasa tano zilizomchekesha, zilizomkera au zilizomchanganya. Alama hizo zikusanywe siku nne kabla ya onyesho. Asiyeleta alama asipande. Ni kanuni kali, na imewahi kuwanunisha watu wenye majina makubwa, lakini bila hiyo hakuna jopo, kuna watu wanne waliokaa pamoja. Kutokana na alama hizo mwendeshaji anatunga maswali 12, akijua kwamba atakayoyatumia hayatazidi 8.

Mazoezi yawe mafupi, dakika 40, ya mwanzo, mwisho na namna ya kupokezana baina ya raundi. Majibu yasifanyiwe mazoezi kabisa. Mchekeshaji aliyezoea kusimama peke yake atataka kuyajaribu, naye ana sababu, kwa kuwa kazi yake huko hunolewa kwa kurudia. Kwenye jopo mambo ni tofauti: hadhira inatazama pia nyuso za wale wengine watatu, na wakishausikia utani huo jioni iliyotangulia, watacheka kwa adabu. Kicheko cha adabu ukumbi hukitambua mara moja.

Kuhusu watu, mwendeshaji mmoja na wanajopo wanne wanatosha. Sita ni wengi. Wawili kati yao watageuka watazamaji waliokaa pabaya. Wawili wawe wachekeshaji, mmoja mshairi au mwigizaji, mmoja mwalimu wa fasihi. Mwalimu ndiye mtu mgumu kuliko wote, si kwa kukosa ucheshi bali kwa kuwa amezoea kipindi cha dakika 40. Ukimwuliza swali la wazi atakupa somo zima lenye utangulizi na hitimisho. Mtumie kama mwamuzi. Mchekeshaji akishasema lake, mwendeshaji amgeukie: "Mwalimu, hilo limo kitabuni?" Jibu lake la "Halimo, lakini ukurasa unaofuata una baya zaidi" huchekesha kuliko nusu ya yaliyoandaliwa, nalo linarudisha mazungumzo kwenye maandishi. Mshairi au mwigizaji asome madondoo, tena asome kavu, uso mkunjufu lakini bila kucheka na bila kuongeza neno. Anayesoma huku akicheka anamnyang'anya mwandishi kichekesho chake.

Jambo linaloua utani mwingi wa vitabu ni mpangilio wa maelezo. Mchekeshaji anasema neno lake, nusu ya ukumbi haijui kisa, anaanza kueleza. Kichekesho kimekufa. Kisa kielezwe kabla, kwa sekunde 15 zisizozidi, na kazi hiyo ni ya mwendeshaji: "Karama amesimama barazani, Majivuno amemshtaki, na yeye badala ya kujitetea anaanza kusimulia habari za wajumbe sita." Hapo hata asiyesoma ana pa kusimama, na mchekeshaji anaweza kuingia: "Sita! Wakili wangu hata mimi mteja wake hanikumbuki." Mwendeshaji aandike sekunde hizo 15 neno kwa neno kwenye kadi za manila, kwa herufi kubwa. Asitumie simu. Skrini huzimika, mwanga wake humpiga usoni, na ujumbe wa shemeji huingia katikati ya raundi.

Raundi zenyewe zisizidi nne. Ya kwanza ni dakika moja: mwanajopo anachomoa kadi, jina lake likitoka anasimulia kitabu chote kwa sekunde 60, kengele ikilia anakata hata kama yuko katikati ya neno. Raundi hii ina kazi mbili, kuwapa wageni kisa na kumfichua mapema asiyesoma. Ya pili ni mahakama, ambapo mhusika mmoja anashtakiwa, mwanajopo mmoja akiwa mwendesha mashtaka na mwingine wakili. Wakenya waliokua na Vioja Mahakamani, kipindi cha vichekesho vya kesi cha KBC, hawahitaji kuelezwa chochote. Ya mwisho ni maswali ya hadhira, nayo yaandikwe kwenye vipande vya karatasi mlangoni na kukusanywa wakati wa mapumziko. Mwendeshaji achague sita. Ukipitisha maiki kwa watu utampata bwana mwenye "maoni mawili, swali moja na nyongeza", na dakika zako saba zimekwenda.

Raundi ya tatu ndiyo tunayoipenda kuliko zote, na ndiyo inayotushangaza kwamba majopo mengi hayaitumii. Mwendeshaji anasoma mishororo miwili ya shairi la tarbia, wanajopo wanamalizia miwili iliyobaki wakifuata vina na mizani. Kwa mfano:

Kitabu sijakisoma, jalada nimeliona,
Swali likija la nyuma, nitajibu nikinena,

Mizani nane kwa nane, kina cha kati -ma, cha mwisho -na. Hadhira inapewa kazi ya kuhesabu kwa kupiga makofi, kofi moja kwa silabi. Sasa mchekeshaji akikurupuka na "Mwalimu akiniuliza", makofi yanafika tisa na kina kimeangukia kwenye -za. Ukumbi mzima unagundua kwa wakati mmoja na kumzomea, na kuzomewa huko ni kwa haki. Mshairi wa jopo akirekebisha, "Mwalimu akinisema, nitasema sijapona", makofi yanatua nane kwa nane na kelele zinazofuata hazihitaji mchekeshaji. Tahadhari moja: m na n zinazosimama peke yake ni silabi kamili, kwa hiyo "mtihani" ni mizani nne. Kubalianeni hilo kabla ya kuanza, vinginevyo mabishano ya mizani yatameza raundi. Wakati mwingine, lazima tukiri, mabishano hayo ni mazuri kuliko raundi yenyewe.

Jumla yote iwe dakika 80, na mapumziko ya dakika 10 juu yake.

Tukija kwenye vyombo, kila mwanajopo awe na maiki yake. Wenye kumbi hupenda kutoa mbili na kusema "mtapokezana". Jibu la utani lina sekunde moja ya uhai. Kupokezana maiki kunakula tatu au nne. Lakini maiki tano zikiwa wazi kwa pamoja huleta tatizo lake, yaani spika kupiga mluzi. Kila idadi ya maiki zilizo wazi inapoongezeka maradufu, unapoteza takriban desibeli 3 za sauti unayoweza kuitoa kabla ya mluzi kuanza. Mafundi wengi hutibu kwa kuzima maiki za wanaonyamaza, na matokeo yake neno la kwanza la kila jibu linamezwa. Tiba bora ni kuzishusha desibeli 6 hadi 10 bila kuzizima, spika zikae mbele ya meza zikiwa zimeelekea watu, na mdomo uwe umbali wa upana wa kiganja kutoka kwenye maiki. Maiki ndogo za kubana kwenye kola ziacheni kwa studio. Ukumbini hunasa kila kitu, mpaka feni. Za waya zinatosha kwa watu waliokaa, na hazina betri ya kuwaaibisha.

Meza isiwe mstari ulionyooka. Wa pembeni hawaonani, na watu wasioonana huingiliana maneno. Pinda meza kidogo kama mwezi mchanga, mwendeshaji akae mwisho mmoja, si katikati, ili awaone wote wanne kwa jicho moja na wao wasimpe mgongo.

Ukumbi wa watu 150 uliojaa ni bora mara nyingi kuliko wa 600 wenye watu 200. Kicheko huambukiza jirani kwa jirani. Penye viti vitatu vitupu katikati hakivuki. Mkijikuta kwenye ukumbi mkubwa, fungeni safu za nyuma kwa kamba kabla milango haijafunguliwa, kwa sababu mtu akishakaa hahami. Kumbi za shule zenye paa la mabati zisipangwe miezi ya masika. Mvua ikianza, hakuna spika itakayoishinda.

Mwandishi wa kitabu akiwapo, na mara nyingi hupenda kuja, msimkalishe safu ya mbele katikati. Kila utani ukitoka watu watamtazama usoni kwanza kabla ya kuamua kama wacheke. Akae safu ya tatu au ya nne, pembeni, na apewe dakika tano za mwisho kujibu. Waandishi huwa wakali kuliko wachekeshaji wakipewa nafasi hiyo.

Kuna suala la mipaka, ambalo makala yenu ililigusa kwa haki. Utani wa makabila, kama ule wa Wahehe na Wangoni, una kanuni zake. Watani wanajuana na aliyetaniwa ana zamu yake ya kujibu. Ukumbi wa Dar es Salaam au Nairobi umejaa watu wasio na utani baina yao, na aliyekaa kitini hana maiki ya kujibu. Kwa hiyo kwenye jopo chekeni mhusika, uamuzi wake, sentensi ya mwandishi, na mwanajopo mwenzenu aliyeko mezani. Mtu wa kitini aachwe. Mwanafunzi aliyejibu vibaya aachwe pia, hata kama jibu lake ni la dhahabu.

Kisheria mambo si magumu. Shaaban Robert alifariki mwaka 1962, na sheria za hakimiliki za Tanzania na Kenya hulinda kazi ya mwandishi maisha yake na miaka 50 baada ya kifo chake, kwa hiyo kurasa zake zinaweza kusomwa jukwaani bila kuomba ruhusa. Kwa waandishi walio hai, dondoo fupi la kuhakiki linaruhusiwa mkitaja kitabu na mwandishi. Tunashauri lisizidi aya moja kwa raundi. Mkitaka kuigiza onyesho zima la tamthilia, ombeni ruhusa ya maandishi kwa mwandishi au mchapishaji, tena mapema, si wiki ya onyesho. Msisahau kibali cha Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA), au cha baraza la sanaa la huko, BASSFU, kwa Zanzibar.

Kama mnarekodi, elekezeni maiki mbili kwa hadhira na kuzirekodi kwenye njia zake pekee, zisiingie kwenye spika za ukumbini. Rekodi nyingi za majopo zinazosambaa mitandaoni zinasikika zimepoa kwa sababu hiyo tu: watu walicheka, lakini hakuna maiki iliyowasikia.

Tuna ombi kwenu, Mhariri. Tangu UNESCO iitangaze Julai 7 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, mwaka 2021, sherehe zake zimejaa hotuba. Waandaaji watakaokubali kutoa dakika 80 kwa jopo la namna hii watahitaji hadhira iliyopata muda wa kusoma, na hapo gazeti linaweza kusaidia kuliko tangazo lolote. Chapisheni wiki tatu kabla jina la kitabu, mchapishaji wake na madondoo matatu yatakayosomwa. Tajeni sura pamoja na ukurasa, maana namba za kurasa hubadilika toleo kwa toleo, na mwenye nakala ya zamani aliyorithi kwa kaka yake asije akatafuta asichokiona.

Wapangaji wa maonyesho ya jukwaani,
Dar es Salaam